Neno Aliloliokota Bi Simu

Pale hospitalini walimwita Bi Simu, kwa kuwa miaka yote yeye ndiye aliyepokea simu, na sauti akishaisikia mara moja haimpotei tena. Alizaliwa haoni. Hilo halikumsumbua sana. Waliomsumbua ni watu waliotaka limsumbue.

Siku hiyo alikwenda kutafuta cheti cha ukalimani. Daktari mkuu alishamwahidi kazi ya kuwatafsiria wagonjwa na madaktari wageni, mradi alete cheti kamili. Mwaka uliopita watahini walimhurumia, wakamvusha bila kumuuliza swali gumu, wakampa cheti kilichoandikwa pembeni: "Amesamehewa sehemu ya pili." Hospitali ikakikataa, na ilikuwa na haki. Nani amkabidhi mgonjwa kwa mkalimani aliyesamehewa nusu ya lugha?

Sehemu ya pili yenyewe ilikuwa hivi: unatumbukiza mkono ndani ya kopo, unaokota karatasi yenye neno moja la Kiingereza, kisha unaeleza maana yake ya kawaida na maana yake ya mafumbo. Ukishaokota umeokota, hakuna kurudisha.

"Dada, chukua la chini," mdogo wake alinong'ona kutoka kiti cha nyuma. "La chini huwa jepesi."

"Umelipima?" Bi Simu alimjibu, akaokota la juu.

Mtahini mmoja, mama mwenye sauti ya upole, aliipokea karatasi ile, akaikunjua, lakini hakuisoma. Saa ya mwenyekiti wa watahini ikalia cha-cha-cha. Ilikuwa imelegea mkononi, na tangu asubuhi ilicheza kila alipoinua mkono. Bi Simu akajua anaomba aone karatasi.

"Mama," mwenyekiti alikohoa, "tunaomba uokote nyingine. Hii haikufai."

"Nisomeeni kwanza."

"Neno ni 'see'," alisema yule mama, kama anayetoa habari za msiba. "Kuona."

"Mungu wangu!" mdogo mtu akasema, kwa sauti aliyoidhani ni ya chini.

"Si haki kukuuliza hilo," mwenyekiti aliendelea. "Rudisha tu. Hakuna atakayejua."

Damu ilimchemka Bi Simu. Angeweza kuokota jingine na kwenda zake, lakini alishachoka kubebwa na watu ambao hakuwaomba wambebe.

"Mzee, mimi nitajua. Mwaka jana mlinionea huruma, nikakosa kazi. Huruma ile ndiyo iliyonionea. Neno nimeliokota mwenyewe, naanza."

Akaegemea kiti, akaanza.

"Nimeishi na wanaoona tangu nizaliwe, nimewachunguza vya kutosha. Marehemu mama alikuwa akipiga kelele, 'Kikombe hicho!' wakati kikombe bado hakijaanguka. Mdogo wangu huyu huniambia 'ngazi' kabla mguu wangu haujaifikia. Basi kuona ni kujua kitu kilipo kabla hujakigusa. Macho ni njia mojawapo, na nasikia ni njia nzuri."

"Na mafumbo?" mtahini yule mama aliuliza. Sasa sauti yake ilikuwa na tabasamu.

"Mwingereza akikuelewa husema 'I see', hata akiwa kwenye simu, hata kama amefumba macho. Mimi mwenyewe huwaambia hivyo wanaopiga simu kila siku na hakuna aliyewahi kunibishia. Maana yake amejua unakokwenda kabla hujafika. Ni kuona kulekule, ila safari hii kinachoonwa ni wazo. Na sisi tusijifanye wageni wa mambo haya. Tunaona njaa, tunaona baridi, tunaona haya. Nani kati yenu amewahi kuitazama njaa usoni akajua rangi yake?"

Watahini wakaangua kicheko, wote isipokuwa mwenyekiti. Yeye akainama mbele, kiti kikalia chini yake.

"Mgonjwa anamwambia daktari mgeni kwamba macho yake hayaoni tena. Daktari anajibu, 'I see.' Utamtafsiria nini?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Bi Simu alifurahi mno kuulizwa. Kwa mara ya kwanza alikuwa akitahiniwa kama wengine.

"Nitamwambia, 'Daktari amekuelewa.' Nikimwambia daktari anaona, nitakuwa nimemtonesha kidonda."

Kalamu ya mwenyekiti ikakwaruza karatasi. Kisha muhuri ukapigwa mezani, pu!

"Kamili," alisema mwenyekiti. "Hakuna kilichosamehewa."

Nyuma mdogo mtu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, akaangusha mkoba. Mwenyekiti akasimama, akanyoosha mkono wa pongezi juu ya meza, kama alivyowafanyia watahiniwa wengine wote waliofaulu. Ndipo alipokumbuka. Akaona haya, akataka kuurudisha kimyakimya.

Lakini saa ilikuwa imeshalia. Mkono wa Bi Simu ulikwenda moja kwa moja, ukaudaka wake hewani, ukautikisa kwa nguvu.

"Nimeuona, mzee," akasema.