Msondo Uliopuliziwa Dawa

Sabaha alikufa mwaka ule wa korona, ila kwenye karatasi waliandika nimonia. Mimi si mtu wa kubishana na karatasi, shule niliishia darasa la nne. Ninachojua ni kwamba mke wangu aliingia hospitali kwa miguu yake, akatoka amefungwa kwenye nailoni, na waliomleta walikuwa wamejifunika mwili mzima kama warina asali. Wakamzika wao. Sisi tukaambiwa tusimame kule mbali, watu wachache, na baada ya hapo kila mtu kwake. Matanga hakuna. Hitima hakuna. Mikusanyiko imekatazwa na wakubwa.

Wakati huohuo sokoni Nachingwea watu walikuwa wanabanana kama kawaida. Ushuru wa soko hauna korona.

Sabaha alikuwa na kazi mbili. Mchana alibangua korosho kwenye ghala la tajiri mmoja, yeye na akina mama wenzake. Msimu wa kuwacheza wali, wasichana waliovunja ungo, ulipofika alikuwa nyakanga, kungwi mkubwa, na msondo wake ulijulikana hadi Narung'ombe. Msondo ni ngoma ndefu, mpigaji anaupakata katikati ya mapaja, na ni ngoma ya wanawake. Mume wa nyakanga hapigi, hachezi, haingii ndani ya uzio. Kazi yake ni moto. Anakoka kuni nje, anapewa msondo, anauotesha moto ngozi ikaze, anaugonga kwa kidole, anasikiliza, anaurudisha. Kazi hiyo nimeifanya tangu Sabaha msichana. Hata kumuoa nilimuoa kwa sababu ya moto. Alisema wanaume wengine wanaziunguza ngoma.

Korona ilipokuja ghala likafungwa, unyago ukakatazwa, na mwenyewe akafa. Kwetu nyakanga akifa, msondo wake unalazwa kifudifudi ndani. Hauinuliwi mpaka watu wakae matanga, wayavunje, ndipo mfiwa auinue kwa mikono yake. Matanga hayakukaliwa. Kwa hiyo msondo ulilala, na mimi nikaona vizuri ulale. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamlilia Sabaha kwa haki.

Ndipo wakaja akina mama. Mbele alikuwa Shamimu, aliyefunzwa ngoma na mke wangu toka akiwa mwali. Nyuma yake Limi, Msukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe zao kutoka huko kwenye ziwa. Wengine wakabaki uani, wote ni wa ghala la korosho.

"Hodi, baba."

"Karibuni. Kaeni mbalimbali kama mlivyoamriwa."

Limi akacheka, akaja kukaa karibu yangu kabisa.

Shamimu akaanza. "Baba, kuna watu wa mradi wanakuja Ruangwa Alhamisi. Wanawasaidia wasanii na akina mama waliopoteza kazi kwa ajili ya huu ugonjwa."

"Wasanii ndio nani?"

"Ndio sisi."

"Tangu lini?"

"Tangu jana, huyo dada alipotupigia simu."

"Enhee. Na huyo dada anataka nini?"

"Tucheze kidogo, wachukue video, wimbo wa kunawa mikono. Halafu wanagawa unga na mafuta. Lakini lazima kikundi kiwe na ngoma yake ya asili. Bila ngoma hawatupokei."

Nikaelekeza kidole chumbani, ulikolala msondo. "Waliokataza ngoma ni serikali, ni wakubwa, ni watu wa magari. Leo watu wa magari wanaitaka ngoma. Mwenye ngoma walimfukia kama mzoga, hata dua hawakutuacha tusome. Sasa wanataka msondo wake uwachezee kwenye simu? Hapana. Msondo umelala."

Limi akanyoosha vidole vyake mbele ya macho yangu. Vilikuwa vyeusi, ngozi imebanduka kwa yale mafuta ya maganda ya korosho, na ghala lenyewe limefungwa siku nyingi.

"Mzee Mbaruku, mila zenu mimi sizijui vizuri. Mume wangu amekwenda na ng'ombe kutafuta malisho, sijui yuko pori gani. Nyumbani tunakula kisamvu kitupu, ugali hakuna. Marehemu ndiye aliyenifundisha kubangua bila kuvunja punje, wakati wenzake wananicheka nanuka maziwa. Angekuwa hai angetukatalia?"

"Angekuwa hai msondo ungekuwa umesimama, tusingekuwa na maneno mengi."

Shamimu akavua viatu, akatandika kanga yake kwenye sakafu. "Basi tukae matanga."

"Lini?"

"Sasa hivi. Sisi hawahawa."

"Mtakamatwa."

"Watukamate. Huko ndani si wanapewa ugali?"

Wakacheka wote, halafu wakalia. Sikuwahi kuona kicheko na kilio vikifuatana namna ile. Walikaa kwangu, wakachemsha chai isiyo na sukari, wakamsomea dua, wakamtaja Sabaha kwa mazuri yake na kwa ukali wake, namna alivyokuwa anawachapa wali wavivu kwa maneno tu. Asubuhi wakanimwagia maji kichwani kama inavyotakiwa kwa mfiwa. Nikaingia ndani, nikauinua msondo. Mwepesi kuliko nilivyoukumbuka, au mimi ndiye nilikuwa nimechoka kubeba mengine.

Alhamisi tukapanda kirikuu ya jirani, kigari chake cha mizigo, akina mama na mimi na msondo, vumbi mpaka Ruangwa. Nilikuwa nimekwisha kuuotesha alfajiri nyumbani. Ulikuwa unalia vizuri, ukiugusa tu unaitika.

Kwenye geti la ukumbi tulioitiwa alisimama mlinzi anaitwa Kornel, mgongoni amebeba pampu, zilezile tunazopulizia mikorosho. Ila ndani walikuwa wametia dawa ya kuua vidudu. Akapulizia viatu. Akapulizia viganja. Akapulizia vikapu. Kabla sijafungua mdomo akaugeuzia msondo, akaulowesha ngozi yote, mpaka ikachuruzika.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Mzee, nimeambiwa kila kinachoingia. Hata kiti cha mgeni rasmi nimekipulizia."

"Kiti kinalia? Ngozi hii!"

"Mimi natumwa tu, mzee wangu."

Natumwa tu. Nchi hii kila mtu anatumwa, na anayetuma humuoni.

Nikaugonga kwa kidole. Bwe. Kama kugonga boga lililooza. Akina mama wakasikia, wakatazamana.

Akaja yule dada wa mradi, Eva, binti mdogo mwenye barakoa ya maua. Akaniamkia shikamoo vizuri, tabia hana mbaya. Nikamwambia ngozi imelowa, inataka moto.

"Jamani, hapa ndani moto hauruhusiwi, baba. Kuna magari."

"Basi tusubirini jua liikaushe."

"Wageni wana safari ya Lindi leo leo. Hamwezi kuimba tu, tukawawekea ngoma ya kwenye simu?"

Limi akamkazia macho. "Dada, na hiyo ya kwenye simu mmeipulizia?"

Eva akacheka chini ya barakoa, lakini hakubadilisha neno. Akasema wataanza vijana wenye spika, sisi tutakuwa wa mwisho, tujitahidi.

Nikatoka na msondo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mama anachoma mihogo kwenye jiko la mkaa. Nikamwomba, akasogeza mihogo yake pembeni bila kuuliza. Nikachuchumaa. Ngozi iliyolowa haitaki haraka. Ukiisogeza sana inakakamaa juu na ndani bado mbichi. Ukiipiga hivyo inachanika. Nikauzungusha taratibu, nikaugonga, nikasikiliza. Bwe. Nikauzungusha tena. Huko ukumbini muziki wa vijana ukapigwa, ukaisha. Kikaja kipaza sauti, mkubwa mmoja anahutubia, serikali imefanya hiki, wafadhili wamefanya kile, akina mama mchangamkie fursa. Nikaugonga. Sasa ikaanza kuja sauti, mbali, kama mtu anayeitikia akiwa kisimani.

Shamimu akavuka barabara mbio. "Baba, wanainuka. Lete."

"Bado."

"Wanaingia kwenye magari!"

"Bado, nimekwambia. Nusu kavu utapasuka."

"Upasuke basi!" Alipiga kelele mpaka mama wa mihogo akageuka. "Upasuke, baba! Watoto hawali ngozi."

Nilimtazama. Macho yamemwiva, midomo imekauka, na huyu ndiye aliyekuwa amemlilia Sabaha kwangu kwa sauti kuliko wote. Nyuma yake, getini, niliona kigari kilichopakia unga wa kugawa. Bado kilikuwa kimejaa. Dereva alikuwa anafunga turubai.

Nikampa.

Walipigia hapohapo getini, mbele ya magari, hawakungoja kupangwa. Shamimu akaupakata, akaupiga. Mara ya kwanza ulikoroma. Mara ya pili ukaamka. Akina mama wakaingia na wimbo wa kunawa mikono, maneno ya juzi, lakini sauti ni zile za unyago, na Limi akazungusha kiuno kama amezaliwa Nachingwea. Gari la mbele likasimama. Kioo kikashuka nusu, ikatoka simu. Eva akaja mbio na kamera yake. Nami nikiwa ng'ambo nilimsikia Sabaha, wallahi nilimsikia, katika ile mipigo ya kukaribisha wali.

Halafu ngozi ikachanika. Haikutoa mlio mkubwa, kama mtu anapasua kitambaa. Mkono wa Shamimu ukazama ndani mpaka kifundoni. Wenzake wakaendelea kuimba kidogo kwa kuwa hawakujua, kisha mmoja mmoja akanyamaza.

"Safi sana!" Eva akasema. "Tumepata, inatosha." Kioo kikapanda, gari likaondoka.

Shamimu alibaki amekaa chini, mkono ungali ndani ya msondo. Hakuniangalia. Nikavuka, nikautoa ule mkono polepole ili vigingi vinavyoshika ngozi visimkwaruze. "Hujafanya kitu," nikamwambia. "Waliofanya nawajua."

Lakini sikwenda kuwaambia. Dereva alikuwa bado hajafungua turubai, anamngoja Eva. Na Eva alikuwa anakuja kwangu na ile kamera.

"Baba, nawe ni wa kikundi? Tuambie neno moja tu, mradi umewasaidiaje akina mama hawa?"

Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaweka tangu siku ya nailoni, yamepangana kama kuni. Nikawatazama akina mama. Walikuwa wamesimama mstari, macho yao yote kwenye mdomo wangu. Limi alikuwa ameficha vidole vyake ndani ya kanga.

"Tunashukuru," nikasema.

Eva akaangalia kamera yake, akakunja uso kidogo. Akaniomba radhi, upepo umeingia, nirudie tena kwa sauti. Na kama naweza, nitabasamu.

Nikarudia. Ndipo turubai likafunguliwa.