Mstari wa Sita

Kazi ya kwanza ambayo Janeffer alikabidhiwa peke yake ilikuwa ya marehemu. Asicheke mtu. Ofisi ya usanifu wa michoro mjini Kericho haiishi kwa nembo za kampuni na pakiti za majani chai peke yake. Inaishi kwa harusi, kwa kura, na zaidi ya yote kwa mazishi. Nembo ikikosewa, mteja atanung'unika na kurudi kesho. Jina la mtoto wa marehemu likikosewa, watu mia tatu watalisoma kwa wakati mmoja chini ya hema, na hapo hakuna kesho.

Aliyemwambia hayo ni Waringa, msanifu mkuu, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo ambaye ndiye aliyepewa jukumu la kumlea Janeffer kikazi kwa wiki zote kumi na mbili za atachimenti, yale mafunzo ya kazini ya chuo. Janeffer alikuwa ametoka Siongiroi akaingia Chuo Kikuu cha Kabianga, na kutoka Kabianga akaja hapa na kitabu chake cha kujaziwa kila wiki, akidhani anajua kompyuta. Waringa alihitaji siku mbili tu kumwonyesha kwamba hajui kitu. Akamfundisha kuipa picha nafasi ya kupumua. Akamfundisha kukaa na mfiwa bila kumharakisha, na kumsogezea chai kabla ya kumuuliza tarehe ya kuzaliwa.

Lakini somo kubwa lilikuwa moja, nalo liliandikwa kwa kalamu nene ukutani juu ya mashine ya kuchapa: familia ikishatia sahihi, hakuna anayegusa herufi. Hata ukiona kosa, usiguse. Unawapigia simu, wanakuja, wanatia sahihi upya. Mwanafunzi aliyemtangulia Janeffer alirekebisha jina moja kwa nia njema, na wiki ya nne akarudishwa chuoni na kitabu chake nusu tupu. Aliyemrudisha ni Waringa huyo huyo, bila hata kupandisha sauti.

Sasa mtu ataelewa ni kwa nini Alhamisi ile asubuhi Janeffer aliisimamisha mashine kazi ikiwa katikati.

Marehemu alikuwa Mzee Ephantus Wambugu, mwenye duka la mabati na misumari. Wazazi wake walitoka Nyeri zamani, wakanunua shamba upande huu, wakapanda chai kama majirani wao, na familia ikawa ya hapa. Jumatano mjane wake, Magdaline, na kifungua mimba wake, Chege, walikuja wakasoma kila ukurasa wa kitabu cha mazishi. Chege akatia sahihi. Janeffer naye akatia yake chini ya ile, ya kwanza maishani mwake kwenye kazi ya mteja. Vitabu mia tatu vilitakiwa Alhamisi saa sita, na mazishi yalikuwa Jumamosi.

Ilipofika saa tatu na nusu, mashine ilikuwa imeshatoa mia mbili na zaidi. Janeffer akachukua kimoja kuangalia mikunjo. Akafungua ukurasa wa tatu. Mwana wa marehemu Chege na marehemu Wanjuhi. Mume wa Magdaline. Baba wa Chege, Gathitu, Muriuki, Ngari na Kariithi, kila mmoja na mstari wake. Chini ya Kariithi palikuwa na mstari wa sita. Wanjuhi.

Aliwajua wale watoto watano kama anavyowajua ndugu zake, maana alikuwa amewapanga na kuwapangua siku tatu. Wavulana watupu. Akafikiri ni yeye, kwamba amenakili jina la bibi yao kutoka juu likashuka chini, na akaona wiki zake zote zikienda na maji. Akasimamisha mashine. Akaketi kwenye kompyuta akafungua faili, na hapo mshtuko wa kwanza ukafuatwa na mwingine mkubwa zaidi. Faili ilikuwa imeguswa mara ya mwisho asubuhi ile, saa moja kasorobo. Saa moja kasorobo yeye alikuwa bado hajatoka nyumbani. Mwenye ufunguo wa ofisi saa hiyo ni mtu mmoja tu.

Akageuka. Waringa alikuwa kwenye meza yake, anamtazama. Na kwenye kona, juu ya rundo la karatasi zilizoharibika, binti yake Waringa wa miaka minane alikuwa anapaka rangi ng'ombe, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na hakuwa na pa kuachwa. Binti huyo aliitwa Wanjuhi.

Janeffer alitazama karatasi, akatazama mtoto, akatazama karatasi tena. Hakutaka kuelewa. Lakini kuelewa hakuombi ruhusa.

"Madam," alisema, sauti ikitoka kwa shida. "Hii jina ni ya nani?"

Waringa akainuka, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya mashine ambapo mtoto hangesikia.

"Ni yake," akasema. "Nilichorea mzee bango ya duka, miaka kumi imepita. Mengine utajua ukiwa mkubwa."

"Mzee Wambugu?"

"Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina ya mama ya baba yake. Angekuwa hana baba angeitwa mama yangu mimi, Waithira. Sasa jijazie."

Janeffer alipigwa na butwaa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na yeye hakuwa kata. Alikuwa mwanafunzi aliyeamini kwamba mwanamke huyu hana kasoro. Jumatatu tu Waringa alikaa na mjane yule, akamsogezea chai, akamsaidia kuchagua picha ya harusi. Janeffer alikuwa pale. Aliona mikono ya Waringa imetulia kabisa.

"Sitaki shamba," Waringa akaendelea. "Sitaki hata msumari mmoja. Nataka siku ile mtu atamwambia hakuwa na baba, awe na karatasi ya kuonyesha. Basi."

"Na wakisoma?"

"Watu wakishaweka sahihi hawasomi tena. Nimeona hiyo miaka kumi na tano."

"Lakini sahihi ni yangu," Janeffer alisema. "Chini ya ya Chege. Ni mimi nitafukuzwa. Uliweka jina juu ya sahihi yangu."

Waringa akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona pale. Ilionekana wazi kwamba hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma Janeffer kuliko yote. Mtu aliyemfundisha kuhesabu hata nukta alikuwa amemsahau yeye mzima.

"Narudisha majina kuwa matano," Janeffer akasema, na machozi ya hasira yalikuwa karibu.

"Rudisha," Waringa alisema polepole. "Ndivyo nilikufundisha. Faili ya jana iko, sijaifuta."

Janeffer akarudi kwenye kompyuta. Faili ya jana akaiona. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe mlango ulipofunguliwa, wakaingia Chege na mama yake, saa mbili kabla ya wakati. Mawingu yalikuwa yamekusanyika, Chege alieleza, na barabara ya kwao ikinyeshewa gari halipandi, kwa hivyo wameona wachukue vitabu mapema. Mama Chege alikuwa amejifunga leso nyeusi kichwani. Aliufuata mlundo wa vitabu moja kwa moja, akachukua kimoja na kufungua ukurasa wa tatu, kwa sababu ndiko picha ya harusi yake ilikokuwa.

Kwa hiyo miaka kumi na tano ya Waringa ya kuwajua wateja ilianguka kwa sababu ya mjane mmoja aliyetaka kuona alivyopendeza akiwa na miaka ishirini na miwili.

Chege alisoma juu ya bega la mama yake. "Wanjuhi?" akasema. "Huyu ni nani? Sisi ni watano. Nani aliandika hii?"

Waringa alipiga hatua moja mbele, uso umemkauka, na Janeffer akajua anakwenda kusema. Akajua pia kwamba mtoto amekaa pale, na kwamba yatakayosemwa yatasemwa mbele yake na mbele ya mwanamume mwenye hasira. Hakupanga. Kama angepanga, angenyamaza, kwa maana alikuwa na kila haki ya kunyamaza.

"Ni mimi," Janeffer alisema. "Niko atachimenti. Ni kosa yangu. Jina ya cucu yenu, mama ya mzee, iko hapo juu, nilikopi ikashuka na chini. Pole sana, mama. Pole, Bwana Chege. Tunachapisha zingine sasa hivi."

Uongo ule ulikuwa mzuri. Ulikuwa na mantiki, ulikuwa na mkosaji, na mkosaji alikuwa mwanafunzi, na nani asiyejua kwamba wanafunzi hukosea? Chege akashusha pumzi. Hata akataka kutabasamu. "Kwa hivyo ni cucu ameshuka chini," alisema.

"Ndiyo," Janeffer akasema, na kwa furaha ya kuokoka akaongeza sauti kidogo. "Ni Wanjuhi tu. Ni Wanjuhi wa juu."

"Umeniita?" mtoto akauliza kutoka kwenye kona.

Chege aligeuza kichwa bila kuelewa, lakini mama yake alikuwa ameshaelewa. Magdaline alikuwa amezaa wavulana watano. Kila mimba alingoja msichana wa kumrudishia mama mkwe jina, na kila mara akaletewa mvulana mwingine, hadi mumewe akaacha kuuliza. Katika familia hiyo hapakuwa na Wanjuhi mwingine, na kila mtu kanisani alijua hilo.

Alikwenda hadi kwenye kona. Akainama taratibu, mkono mmoja juu ya meza.

"Unaitwa nani?"

"Wanjuhi."

"Na baba yako hukuita aje?"

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akaona huyu mama hana ubaya. "Ananiita maitu," akasema. "Ameenda safari."

Maitu kwa Kikuyu ni mama yangu, na mwanamume humwita hivyo binti aliyezaliwa na jina la mama yake. Magdaline hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akatikisika mara moja, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kitabu kilikuwa bado mkononi mwake, na picha ya Mzee Wambugu juu ya jalada ikimtazama mtoto. Magdaline akakigeuza, akakibana kifuani, picha ikaangalia ndani, mtoto asije akamtambua baba yake kwenye kitabu cha mazishi.

"Hajaambiwa?" aliuliza, bila kumtazama Waringa.

"Hajaambiwa," Waringa akajibu. Hiyo ilikuwa sauti ambayo Janeffer hakuwa amewahi kuisikia, ndogo, ya mtu aliyekaa nje ya mlango.

Chege alikuwa sasa ameelewa, na shingo yake ilikuwa imevimba. "Mama, hizi vitabu haziendi," alisema. "Watachapisha zingine. Watu watasoma."

"Wasome," Magdaline alisema. "Si ni kusoma walienda shule?"

"Mama."

"Funga hizo kwa boksi, Chege. Mia tatu. Kama hazijafika, ngoja zifike."

Akamgeukia Waringa hatimaye, na Janeffer alitamani awe mahali pengine popote, hata Sigor kwenye mnada wa ng'ombe.

"Nilikunywa chai yako Jumatatu," Magdaline akasema. "Ukanichagulia picha. Hiyo nitakufa nayo." Akamtazama mtoto kwenye kona. "Mtoto atakuja Jumamosi. Atakaa mbele na hawa wengine, na atatupa udongo. Wewe usikanyage kwangu."

"Sitakuja," Waringa alisema.

"Ataletwa na huyu." Kidole chake kilimwangukia Janeffer. "Wewe wa kusema uongo. Utamshika mkono kutoka kwa gate hadi mbele, na yeyote akikuuliza ni nani, utamwambia. Usiseme umekosea tena."

Janeffer alitikisa kichwa kukubali.

Akaiwasha mashine. Ilitoa vitabu vilivyobaki, mstari wa sita ukiwa ndani ya kila kimoja. Chege akabeba maboksi mawili bila kuaga. Mvua ilianza kabla gari halijafika kwenye lami.

Ndipo mtoto akauliza, akiwa bado na kalamu ya rangi mkononi, "Madam Janeffer, Jumamosi tunaenda wapi?"

Janeffer akamtazama Waringa. Kwa wiki saba alikuwa akimtazama hivyo kila alipokwama, naye kila mara alipata jibu. Safari hii Waringa ndiye aliyekuwa anatazama chini, na mikono yake, ile iliyotulia Jumatatu, ilikuwa inakunja na kukunjua karatasi moja iliyoharibika.

"Mwambie, madam," Janeffer alisema. "Nitakaa na wewe."

Akavuta viti viwili. Waringa alichukua kitabu kimoja kilichobaki juu ya mashine, akamweka binti yake mapajani, akakigeuza upande wa picha.