Mabawa Niliyoyashona Mwenyewe

Mjukuu wangu aliunda ndege kwenye karakana ya marehemu babu yake. Ina mabawa manne, mawili juu na mawili chini, na viti viwili, kimoja mbele ya kingine. Mabawa yenyewe mafupi, ndiyo maana inajipindua angani kama samaki. Mbao walichonga yeye na fundi. Kitambaa nilishona mimi, fundo kwa fundo, kwenye kila ubavu wa bawa.

Siku mbili kabla ya mkaguzi wa ndege kuja, nikaona vitundu chini ya mabawa, safu nzima. Nikajua panya hao. Kazi yangu haiendi mbele za watu na matundu, nikaviziba vyote, na kiraka hukioni hata ukitafuta. Usiku ule mvua ikanyesha, na paa la karakana linavuja.

Mkaguzi alikuja na daftari lake. Alisema akiiona inapinduka na watu wawili ndani, atatoa kibali cha viti viwili. Isipopinduka, itaruka na mtu mmoja tu. Mjukuu wangu alitaka kufundishia wanafunzi. Ndege ya mtu mmoja utamfundisha nani?

Akaiwasha. Ikasogea hatua kumi, ikainamia kushoto kama mtu aliyebeba ndoo mkono mmoja. Fundi akalala chini yake, akapapasapapasa, akauliza kwa adabu zote ni nani aliyeziba njia za maji. Nikakiri. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tukavitoboa kimoja kimoja, maji yakamwagikia viatu vya mkaguzi.

Sasa ndipo fundi aingie kiti cha mbele. Tumbo lake likabana usukani, hauendi huku wala kule.

"Bibi, una kilo ngapi?" mjukuu wangu akauliza.

"Za kutosha, mke mwenzangu."

Nikavaa suruali ya akiba ya fundi, meno ya bandia nikayatia mfukoni, tukapaa. Mara mbingu ikawa chini ya miguu yangu, na mkaguzi yuko juu ya kichwa changu, mdogo kama kifungo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mafundo yangu yote yalishika.

Tulipotua, mkaguzi akasema tumepindukia kulia tu. Daftari linataka na kushoto.

Mjukuu wangu akanitazama kwa huruma, akasema tunaweza kuomba siku nyingine, nipumzike.

Nikamwambia mkanda wa kiti bado sijaufungua.