Kigingi cha Mzee Cheelo

Fundi Siabbalo alilijua trekta lile kuliko alivyowajua ndugu zake. Miaka ishirini alikuwa akilifungua na kulifunga, mwenyewe mzee Cheelo kasimama pembeni anamtania. Sasa Cheelo yuko kaburini, mwaka umepita, tanga limeondolewa na ukoo umegawana mali. Trekta limekwenda kwa Hamalambo, mtoto wa dada yake, kama ilivyo desturi. Mjane Nchimunya kaachiwa shamba na sufuria. Na wale ng'ombe wanne wa kulimia? Thubutu! Waombolezaji waliwala wote, wakanawa mikono, wakaenda zao.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Udongo ulikuwa tayari, na usingengoja mtu.

Hamalambo aliwasha, akakanyaga klachi, akatia gia. Gia zikasaga meno, zikakataa kuingia.

"Klachi imekwisha, fundi."

"Imekwisha wapi! Klachi iliyokwisha huteleza, injini inaunguruma na trekta halivuti. Hebu zima. Sasa tia gia. Kanyaga klachi mpaka chini, achia breki."

Siabbalo akaondoa mawe magurudumuni. Trekta lilikuwa kwenye mteremko, lilipaswa kuteremka lenyewe. Halikusogea hata kidogo.

"Unaona? Umekanyaga, na bado imeshika. Diski imeganda kwa kutu."

Wala haikuwa ajabu, maana vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaishe. Lakini Cheelo hakuwahi kuegesha trekta bila kubana kigingi cha mti kati ya kiti na pedali, klachi ikae chini, isigande. Siabbalo akainama kukitafuta.

Nchimunya akamwita jikoni, akampa kikombe cha chibwantu, kinywaji cha mahindi.

"Usijisumbue, shemeji. Kigingi nilikitoa mimi. Siku ya tatu ya msiba nilikitia motoni."

"Mama yangu! Kwa nini?"

"Ili wasiweze kuliondoa. Mwambie limekufa, vifaa havipatikani. Akishalisusa, utanifufulia, nilime. Nina midomo mitano humu ndani, shemeji. Nakuomba."

Siabbalo akatoka na kikombe mkononi, hajanywa.

"Vipi, linapona?" Hamalambo akauliza. "Maana kuna watu wanasema mkono wako umezeeka. Likipona, naapa kwa kaburi la mjomba, jembe la kwanza litazama shambani kwa mama hapa."

Maneno yote mawili yalimwingia Siabbalo, lile la mkono na lile la kiapo. Akajiambia ni kile kiapo kilichomshawishi. Nchimunya alikuwa mlangoni, anamtazama.

"Linapona," akasema.

Wakainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, wakaweka magogo chini ya ekseli na kuzuia ya mbele kwa mawe. Siabbalo akapanda mwenyewe. Akawasha likiwa ndani ya gia kubwa, magurudumu yakazunguka hewani. Akakanyaga klachi mpaka chini, akagonga breki kwa nguvu. Injini ikakohoa. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu. Mara ya saba ukasikika mlio mkavu, magurudumu yakasimama huku injini ikiendelea kunguruma. Klachi ilikuwa imeachia! Siabbalo akacheka kwa sauti, furaha ikamsahaulisha kila kitu.

Hamalambo akafunga jembe la trekta, akapanda, akaondoka. Alipofika shambani kwa Nchimunya hakupunguza mwendo. Jembe lilibaki limeinuliwa juu, likapita shamba lote, likapita geti, likashika njia ya kwake.

"Kesho, mama!" akapaza sauti.

Kesho gani! Hakurudi kesho, wala juma lile.

Siku ya tano Siabbalo alimkuta Nchimunya shambani, kainama, analima kwa mkono, ardhi imeshaanza kukauka. Alikuwa amemaliza mistari minane. Siabbalo akaona aibu mpaka machozi yakamtoka. Akaokota jembe la pili.

Nchimunya akamnyang'anya.

"Acha, shemeji. Mkono wako ulishafanya kazi yake."