Bia ya Balungi

Baba Pacha aliingia baa kwa mlango wa mbele, kama mteja, ingawa ilikuwa asubuhi na viti bado vimepinduliwa juu ya meza. Mama Pacha alikuwa amepanda ngazi fupi akibadilisha balbu. Alimwona, akaendelea kuikaza.

Walikwisha kuachana zamani, na hao pacha wao sasa walikuwa watu wazima, kila mmoja na maisha yake. Kilichobaki kati yao ni hayo majina mawili, na hiyo baa, ambayo Baba Pacha aliiita "baa yetu" mbele za watu na "ile baa yangu" akishakunywa. Ukweli ni kwamba miaka yote aliyokuwemo, kazi yake ilikuwa kukaa meza ya pembeni na kupiga domo. Aliyeamka kupokea kreti, aliyewatoa walevi nje, aliyezibua choo kikiziba, alikuwa mkewe.

"Mama Pacha, nimebadilika," alisema akiwa chini ya ngazi. "Sasa natengeneza bia. Bia ya mkono. Bia ya matunda."

"Ya matunda."

"Machungwa, mabalungi. Kitu cha watu wenye ulimi. Jumamosi tunaonjesha. Njoo. Baa yako ndiyo inayojaa kuliko zote mtaa huu. Ukisema ndiyo, wenzako watafuata."

"Na nikisema juisi nitakunywa nyumbani kwangu?"

Akacheka kile kicheko chake cha kuonyesha meno yote, akaacha chupa mezani, akatoka. Kwenye lebo palikuwa na picha yake mwenyewe amekumbatia chungwa kama mzazi aliyetoka wodini.

Mpishi wa baa, mama mmoja mnene mwenye mdomo usio na breki, aliiokota chupa akaigeuzageuza. "Si huyuhuyu ambaye hata maji ya chai yalikuwa yakimshinda kuchemsha?"

"Huyohuyo," alisema Mama Pacha. "Ndiyo maana lazima niende. Mambo mengine si ya kusimuliwa."

Kiwanda chenyewe kilikuwa karakana ya zamani ya kuchomelea vyuma. Kuta zilipakwa rangi nyeusi, balbu zikaning'inizwa kwa nyaya ndefu, na nyuma ya kioo yakasimama matangi ya chuma yanayong'aa. Wageni walikuwa wenye baa na mikahawa, na vijana waliopiga glasi picha kabla ya kuzigusa. Glasi zilikuwa ndogo kiasi cha kutia aibu. Mama Pacha aliishika ya kwake kwa vidole viwili.

Baba Pacha alikuwa amevaa aproni ya ngozi isiyo na hata tone la kitu. Alipanda juu ya kreti, akakohoa.

"Msinywe kama mnakunywa bia," aliwaambia. "Nuseni kwanza. Mtasikia asubuhi. Mtasikia umande. Mtasikia bustani inaamka."

Mama Pacha alinusa. Alisikia chungwa.

Akaonja. Ilikuwa tamu, tamu ya kunata kwenye meno, na chini ya utamu kulikuwa na ukakasi uliomkumbusha dawa ya kikohozi waliyokuwa wakiwabana pacha pua ili waimeze. Mzee mmoja mwenye hoteli, aliyesimama karibu naye, alifumba macho.

"Mmh. Ina kina," alisema.

"Kina gani, baba? Mimi mbona nimefika chini mara moja?"

Mwenye hoteli alifumbua macho, akasogea pembeni. Mama Pacha aliweka glasi chini akaanza kupanga maneno atakayosema akiulizwa. Aliyapanga kwa raha, kama mtu anayepanga nguo za sherehe.

Glasi ya pili ililetwa na mke mpya. Mama Pacha alikuwa amewahi kumwona kwa mbali tu, na alishamhukumu: kisichana chembamba kisicho na neno, kilichoacha kazi nzuri kwenye maabara ya kiwanda cha juisi ili kufuata kicheko. Alipokea glasi bila kumtazama usoni.

Hii ilikuwa ya balungi, na ilikuwa na ukungu kidogo. Uchungu ulitangulia, uchungu safi wa ganda. Kisha ikaja shayiri, kama gamba la mkate uliotoka tanurini. Mwisho kabisa uchachu ukapita mara moja, ukasafisha ulimi, ukaondoka. Mdomo ulibaki mkavu ukitaka tena.

Mama Pacha alikasirika. Dharau aliyokuja nayo ilikuwa bado nzima, lakini ghafla haikuwa na pa kutua. Akanywa tena kuhakikisha. Ilikuwa nzuri kuliko mara ya kwanza.

Alimtazama yule mwanamume juu ya kreti, anavyopunga mikono. Haiwezekani, alijiambia. Mikono ile ilikuwa laini, kucha safi kama za bwana harusi. Kisha akaona mkono uliopita mbele yake ukikusanya glasi tupu: vidole vimepasukapasuka, vyekundu kwenye maungio, na alama ya kuungua karibu na kifundo.

"Baba Pacha," aliita. "Hii ya pili umeipikaje?"

"Kwa moyo!" Watu wakacheka.

"Moyo uliutia kabla ya kuchemsha au baada?"

Wakacheka zaidi, na safari hii yeye hakucheka nao. "Hiyo ni siri ya kiwanda," alisema.

Mama Pacha aliondoka na glasi yake hadi chumba cha nyuma. Yule binti, mke mpya, alikuwa ameinamia karai la glasi.

"Ya balungi ni yako," Mama Pacha alimwambia.

Binti hakugeuka. "Dada, kama umekuja kunionea huruma, mlango ule pale."

"Huruma sina. Nimeuliza bia."

Binti alisuuza glasi moja, akaiweka pembeni. "Ni yangu. Ganda nalitia mwisho kabisa, moto ukishazimwa. La sivyo harufu yote inaondoka na mvuke."

"Na ile ya chungwa?"

"Yake. Aliongeza sukari nikiwa nimelala. Nilimwambia imeharibika, akasema sina ulimi."

Mama Pacha nusura acheke. Yeye aliwahi kuambiwa hana jicho la biashara, siku alipokataa kaunta ipakwe rangi ya dhahabu. "Na unamwacha apande kreti?"

"Yeye watu anawaweza. Mimi nikitazamwa natoka jasho. Nataka wateja, dada. Sitaki kuokolewa."

Jibu lile Mama Pacha alilipenda kuliko alivyotaka kulipenda. Alirudi ukumbini, akasimama katikati.

"Nitachukua ya balungi," alisema kwa sauti ya baa. "Ya chungwa kamwagieni magugu, huenda yakafa. Na nataka kuongea na aliyeipika hii ya balungi."

"Unaongea naye," alisema Baba Pacha, akajigonga kifua.

"Aliyeipika anaosha glasi."

Mwenye hoteli aliangalia ndani ya glasi yake kana kwamba kuna kitu kimeangukia humo. Baba Pacha alitabasamu upande mmoja. "Mke wangu hunisaidiasaidia," alisema.

Binti alikuwa ameshafika mlangoni, mikono inachuruzika maji. Wote walimgeukia. Jasho likamtoka kweli, kwenye paji la uso.

"Ninayepika ni mimi," alisema. "Ya balungi. Ya chungwa siyo yangu." Hayo ya mwisho aliyasema haraka, kama mtu anayekataa kusingiziwa mtoto.

Baba Pacha alishuka kwenye kreti. "Haya bwana, wanawake wameshaungana," alisema akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

Tangu hapo bia ilianza kuletwa baa, na aliyeileta ni binti mwenyewe, akiendesha gari dogo la mizigo. Hawakuwa marafiki. Mama Pacha hakuona sababu ya kumheshimu sana mtu aliyemchagua mwanamume yule macho makavu, ingawa ilibidi akumbuke kwamba na yeye alimchagua, tena kwa shangwe. Walihesabiana kreti mlango wa nyuma, wamesimama, wakaagana. Baba Pacha alikuja mara moja, akakaa pembeni, akaanza kuwasimulia wateja jinsi alivyogundua balungi. Mpishi alimwambia meza ile inataka kufutwa, akaifuta mpaka akaondoka.

Siku moja binti alimaliza kushusha kreti lakini hakuingia garini.

"Dada, wewe uliondokaje?"

"Sikuondoka. Baa ina jina langu. Nilimkunjia nguo zake vizuri, nikamfungulia mlango." Mama Pacha alifuta mikono kwa kanga. "Kiwanda kimeandikwa jina la nani?"

"La mama yangu."

Mama Pacha alimtazama juu hadi chini, taratibu. "Kumbe akili unayo."

"Sijaamua lolote," alisema binti.

"Na mimi sijakuuliza. Wiki ijayo niongezee kreti."