Udongo Alioulamba Mama

Jino la kwanza liliniondoka nikila ndizi. Si hindi la kuchoma wala mfupa wa mbuzi, ni ndizi za kupika, laini, ambazo hata kikongwe asiye na kitu kinywani angezimaliza bila taabu. Lilikuwa jino zima la mbele, jeupe, halina tundu wala doa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nikalitazama kwenye kiganja nikaona aibu kama nimevuliwa nguo sokoni.

Tulikuwa mezani Masama, nyumbani kwa baba mdogo Eliufoo, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Alilitazama lile jino kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Kisha akaweka kijiko chini, akauliza polepole:

"Yuditha, umeapa nini wewe?"

Hakuuliza kama inauma. Na mimi, ninayeuza duka la pembejeo Bomang'ombe, ambaye wateja wananunua mbegu kwangu huku wakiuogopa ulimi wangu, nililiweka lile jino mezani nikainamisha macho. Nilijua anauliza nini. Katika ukoo wetu kila mtu angejua.

Huku kwetu kihamba kimoja, yaani shamba la migomba na kahawa la familia, hutenganishwa na kingine kwa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani, na anayeng'oa masale ya mpaka ni kama amefukua kaburi. Baba alipofariki, hata mwaka haujaisha, baba mdogo aliamka asubuhi akakuta masale yaliyokuwa kati ya migomba yake na ya kwetu yamesogea hatua tatu kuingia kwake. Nani kayasogeza? Macho yote yakamwendea mjane. Mama alikana. Wazee wakasema kama anakana, basi aape kwa desturi ya ukoo: achote udongo wa mpaka, aulambe, aseme, "Kama nimeuhamisha mpaka huu, udongo huu unile." Jumapili sisi tunaimba kanisani mpaka mabati yanatikisika, lakini udongo ule hakuna aliyewahi kuufanyia mzaha.

Mama akalamba. Nilikuwa na miaka minane, nimejibanza nyuma ya zizi la ng'ombe, nikauona udongo umemganda pembeni mwa mdomo.

Kabla kahawa ya mwaka uliofuata haijaiva, meno yake ya mbele yalianza kutoka, moja baada ya jingine. Kama yangekuwa yameoza watu wangesema ni sukari. Lakini yalitoka mazima, kwa hiyo wakasema udongo umemla. Hakuna aliyemfukuza. Kwetu watu hawafukuzi, wanaacha tu kuitikia salamu. Wakaacha pia kumwita misibani, na siku alipofunga mzigo wake baba mdogo alisimama mlangoni akasema mtoto ni wa ukoo, atabaki. Mama alikuwa na miaka ishirini na tisa. Akashuka mjini, akapata chumba Rau.

Kutoka Masama hadi Rau si safari ya kuaga watu. Nami kwa miaka kumi na saba sikuifanya.

Nisijitie wema. Nilimtamani mama yangu mpaka nikaugua. Wakati wa baridi, ukungu ukishuka migombani, nilikuwa najifunika kitenge chake cha zamani na kukinusa, mpaka siku moja kikawa kinanuka mimi tu, nikalia kama amekufa. Lakini nilimchukia pia, kwa sababu alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na akachagua kusema uongo na kuniacha. Ndivyo nilivyofundishwa, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Alikuja kuniona mara moja, nikiwa kidato cha pili, siku ya wazazi. Alisimama karibu na geti la shule amejiziba mdomo kwa pindo la kanga, mkononi ana mfuko wa ndizi mbivu na sweta alilofuma mwenyewe. Wenzangu walikuwa wanatazama. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia, "Ungesema kweli, ungekuwa na meno mpaka leo." Aliuweka mfuko chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akaenda zake. Sweta lile nililivaa mpaka likaisha viwiko, lakini hilo hakuliona.

Sasa jino langu lilikuwa mezani, na sikuwa nimeapa chochote. Nililala na swali la baba mdogo siku tatu. Nilijipekua uongo wangu wote, na sikukosa: wateja niliowaambia mbegu zimekwisha kwa sababu sikuwapenda, michango ya harusi niliyokwepa. Lakini udongo sikuulamba. Siku ya nne jino lililo jirani na pengo likaanza kucheza, nikaenda kliniki ya meno Moshi mjini.

Daktari Swaleh ni mtu mpole mwenye maswali mengi. Je, navuta sigara? Natumia ugoro? Nina kisukari? Nakunywa dawa za kifafa? Nina ujauzito? Nikamwambia kama anataka kunioa aseme, aache kuzunguka. Akacheka, akaendelea kuuliza. Akaniagizia vipimo vya damu, vya sukari na vya virusi vya UKIMWI, na vyote vikarudi salama. Ndipo akanipiga picha za eksirei, akazitundika mbele ya taa.

Alinionyesha kwa ncha ya kalamu. Meno yenyewe, alisema, hayana kosa. Fizi nazo ukizitazama haraka hazitishi. Tatizo liko chini, pasipoonekana: mfupa unaoshikilia meno umeliwa, hasa kwenye meno ya mbele na magego ya kwanza. Aliposema umeliwa, nikakumbuka maneno ya kiapo.

"Umeliwa na nini?" nikauliza.

Akasema kuna bakteria wanaokaa chini ya fizi, na kwamba kila mtu ana wa kwake, ila wapo watu wachache ambao mwili wao haupigani nao sawasawa. Kwao ugonjwa huanza ujanani, huenda kasi, na hauhitaji uchafu wala sukari. Hakuwa na uhakika wa kila kitu, alisema, lakini maradhi ya namna hii mara nyingi hutembea ndani ya familia.

"Kwenu, nani alipoteza meno akiwa kijana?"

Nikasema mama.

"Yalianza kulegea lini?"

Nilifungua mdomo kumjibu kwamba ni baada ya kiapo, maana ndivyo ulimi wangu ulivyozoea kusema. Kabla sijatamka nikamwona mama amekaa kwenye kigoda jikoni, anapukuchua hindi la kuchoma kwa vidole, punje moja moja, anazitia kwenye jino la pembeni. Muwa alikuwa anaukata kwa kisu vipande vidogo. Na kulikuwa na mtu mlangoni anamcheka, anamwambia anadonoa kama kuku, na mtu huyo alikuwa baba yangu. Alikuwa hai. Ana afya, amevaa buti za shamba. Mpaka ulikuwa haujaguswa, kiapo hakikuwepo, na meno ya mama yalikuwa yameshaanza kulegea.

Ukoo mzima ulijua kuhesabu magunia ya kahawa na vizazi vya wafu, lakini hakuna aliyehesabu kipi kilitangulia. Na mimi niliyekula naye chungu kimoja nilikuwa na ushahidi kichwani muda wote. Nililia kwenye kile kiti cha kulalia, na daktari akadhani nalililia jino. Akaniahidi kwamba yaliyobaki atayapigania: atasafisha chini ya fizi, atanipa dawa, na niwe narudi kila baada ya miezi mitatu. Na mama kama yupo, akasema, nimlete.

Nani aliyahamisha masale sijui hadi leo. Masika ya mwaka ule wa kiapo yalibeba hata migomba.

Kesho yake nilikwenda Rau. Sikuhitaji kuulizia, maana kwa miaka yote hiyo nilijua anapika uji kwenye shule ya chekechea na nilijua hata rangi ya geti lake. Njiani nilikuwa nimebeba ile habari kama mtu aliyebeba maziwa kwenye kata, naogopa isimwagike. Nilitaka nimrudishie jina lake. Na baada ya hapo, kama angependa, anirudishie mama yangu. Hicho cha pili ndicho kilichokuwa kinanipunguza mwendo.

Nilimkuta uani anaosha vikombe vya plastiki. Amepungua. Nywele za pembeni zimeingia mvi.

"Shikamoo mama."

Mkono wake ulipeleka pindo la kanga mdomoni kabla hata hajanitambua. Aliniangalia. Akaitikia marahaba, akaendelea kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Niliinama nikaanza kuosha naye, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikamwomba msamaha kwa yale niliyomwambia siku ile getini, shuleni. Akasema hakumbuki kama nilimwambia chochote. Ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema.

Nikaona nikichelewa sitaweza. "Mama, hukuapa uongo," nikasema. "Ni ugonjwa wa mifupa ya meno, una jina lake na una matibabu. Ulikuwa nao kabla baba hajafariki. Daktari amesema."

Alikaa chini pale pale kwenye sementi yenye maji. Pindo la kanga likamwanguka, na hakuliokota. Niliuona mdomo wake wazi kwa mara ya kwanza tangu utotoni, umebonyea, na midomo inatafuta cha kushika. Akaniuliza kama daktari ameandika. Nikasema ameandika. Akaniuliza kama Eliufoo atasoma. Nikasema nitamsomea mwenyewe mbele ya wazee wote, na asiyesikia nitamrudia, si ananijua. Ndipo akacheka. Alicheka kwa sauti, meno hana, hajajiziba, na uso wake ukawa wa yule mwanamke wa miaka ishirini na tisa aliyefunga mzigo. Nikadhani tumefika. Nikadhani kazi iliyonileta imekwisha, na kilichobaki ni kukumbatiana.

Kisha kicheko kikapungua. Akanitazama kwa makini.

"Huyo daktari mimi hajaniona," akasema. "Amejuaje?"

Nilikuwa nimejipanga kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. Nikaufunga mdomo upesi, na huko kuufunga kukamwambia. Akasogea, akanishika kidevu kwa vidole vyenye mapovu, akanigeuza kwenye mwanga kama nilipokuwa mtoto wa kukaguliwa tongotongo. Nikaachama. Akaliona pengo. Akaweka kidole juu ya jino la jirani, akalibonyeza kidogo sana, nalo likacheza.

Aliacha kidole chake pale.

"Heri ningekuwa nimeapa uongo, mwanangu," akasema. "Yangeishia kwangu."