Ukungu Kwenye Kioo

Fundi cherehani wa ng'ambo ya uzio, ambaye sote tunamwita Redio, anasema baba alilewa, akapanda kwenye darubini kubwa ya taifa, akakitemea mate kioo chake na kukisugua kwa shati kama mtu anayesugua sufuria. Anasimulia hivyo cherehani ikikimbia, wala uzi haukatiki.

Baba halewi. Dawa ya kikohozi tu inamlaza mpaka jua la utosi. Ila shati na kusugua ni kweli.

Kioo kile kwa upana kinapita kitanda cha watu wawili, na pale kituoni hakiguswi. Vumbi likitua linaachwa; likizidi, wataalamu wanalipuliza kwa hewa ya mtungi, kwa sababu kitambaa kinakwangua. Baba, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga paa la darubini, ndiye aliyekuwa akiwafokea wageni wanaonyoosha vidole. Ndiyo maana bosi hakumfukuza palepale. Alitaka kwanza kuelewa.

Mimi nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Baba anafuta glasi safi. Anafuta runinga, analalamika watangazaji wa siku hizi wamejaa moshi.

"Baba, twende kwa daktari wa macho."

"Macho yangu yana nini? Wewe badilisha sabuni."

Jana bosi alituita wote wawili. Tukasimama kwenye jukwaa la chuma mbele ya kioo, taa zote zinawaka. Mikwaruzo ilionekana, mizunguko mizunguko, ikakomea pale mkono wa baba ulipofika. Kwingine kote kilikuwa safi. Nilijiona uso mkubwa, hadi kovu la kidevuni.

"Mzee wangu," bosi alisema taratibu, "hata wewe? Kwa nini?"

"Kilikuwa na ukungu, bosi. Wageni wa wizara wanakuja, nikaona aibu. Na bado upo, si ule pale." Akaonyesha mahali pasafi kabisa.

Bosi akakitazama kile kidole, akamtazama baba machoni, halafu akanigeukia mimi. Asiyeona vizuri haruhusiwi kuendesha lile paa. Na nyumba tunayolala ni ya kituo.

Baba akanishika mkono. "Ananiona mwongo huyu. Mwanangu, wewe macho yako mazima. Hebu mwambie. Mwambie ukungu upo."